Jinsi ya kufumba ujumbe kwa kalamu na karatasi: kijitabu cha mara moja

Januari 1961 polisi wa Uingereza walipekua nyumba ya muuza vitabu vya kale, Peter Kroger, na mkewe Helen, huko Ruislip pembezoni mwa London. Majina yao halisi yalikuwa Morris na Lona Cohen, Wamarekani waliokuwa wakiwafanyia kazi Wasovieti. Miongoni mwa vitu vilivyokutwa humo ni kiberiti cha mezani chenye kitako kilichochimbwa ndani, na humo mlikuwa na vijitabu vidogo vilivyojaa tarakimu tupu, zimepangwa tano tano.

Mwongozo huu unaeleza namna vijitabu vile vinavyofanya kazi, hatua kwa hatua, ili msomaji aweze kutengeneza chake na kukitumia mezani bila kompyuta. Frank Miller wa Sacramento, Marekani, alilieleza wazo hili mwaka 1882 kwa ajili ya wenye benki waliotuma fedha kwa telegrafu. Mwaka 1917 Gilbert Vernam alibuni mashine ya kufumba telegrafu, na Joseph Mauborgne akaona kwamba ufunguo wake, yaani mfuatano wa siri unaochanganywa na ujumbe, ukiwa wa bahati nasibu na usiporudiwa, hakuna awezaye kuuvunja. Wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani ilianza kutumia vijitabu vya karatasi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1949 Claude Shannon alichapisha uthibitisho wa kihesabu kwamba njia hii haivunjiki, hata adui awe na mashine ya nguvu kiasi gani na muda usio na kikomo.

Uthibitisho huo una masharti manne, na yote manne lazima yatimie kwa pamoja: tarakimu za ufunguo ziwe za bahati nasibu kweli, ufunguo uwe mrefu angalau kama ujumbe, kila ukurasa utumike mara moja tu, na nakala mbili za kijitabu zibaki siri. Kila tunapokuta katika historia ujumbe wa aina hii umesomwa na mtu asiyehusika, hesabu haikuwa na kosa. Kuna mtu alivunja moja ya masharti hayo manne.

Vifaa

Penseli laini, karatasi moja moja zisizo kwenye daftari, kipande cha kioo au bati la kuandikia juu yake, dadu mbili za rangi tofauti, na kiberiti. Kioo kina kazi yake. Ukiandika juu ya bunda la karatasi, alama ya penseli hubaki kwenye karatasi ya chini, na mtu akiilaza chini ya mwanga wa pembeni anasoma kila kitu. Kwenye kioo hakibaki kitu.

Kwanza, jedwali la kugeuza herufi kuwa tarakimu

Kuna njia rahisi ya kuipa A namba 01, B 02, na kuendelea, lakini inakula tarakimu mbili kwa kila herufi, na tarakimu ni mali: kila moja imetokana na dadu kurushwa. Majasusi walitumia jedwali linalozipa herufi zinazojirudia sana tarakimu moja tu, na nyingine mbili. Karatasi aliyokutwa nayo Che Guevara Bolivia mwaka 1967 inaonyesha kazi ya namna hiyo hiyo: Kihispania kimegeuzwa tarakimu kwa jedwali, chini yake tarakimu za ufunguo, na chini kabisa jumla.

Jedwali la Kiingereza halifai kwa Kiswahili. Lugha yetu inaelemewa na A, kisha I, N, U, K, M, W na E hujitokeza kila mahali kwa sababu ya viambishi. Herufi hizo nane zinaunda maneno mawili rahisi kukumbuka, KINU MWEA, kama vile kinu cha kutwangia mpunga wa Mwea kule Kenya. Yaandike hivi:

```
     0 1 2 3 4 5 6 7 8 9
     K I N U - M W E A -
4    B C D F G H J L O P
9    Q R S T V X Y Z . /
```

Mstari wa juu una mapengo mawili, chini ya 4 na chini ya 9. Mapengo hayo ndiyo majina ya mistari miwili inayofuata. Kwa hiyo K ni 0, A ni 8, lakini B ni 40, S ni 92 na Z ni 97. Nukta ni 98. Alama ya mkwaju, 99, inafungua na kufunga namba: saa 4 inaandikwa 99 444 99, tarakimu ikirudiwa mara tatu ili kosa la kusikia lisiharibu saa ya kukutana.

Q na X hazina kazi kubwa kwetu, ila majina ya watu na miji yanazihitaji. Usizitoe.

Jedwali lenyewe si siri. Hata adui akilijua haimsaidii kitu, kwa hiyo lihifadhi kichwani na usipoteze muda kulibadilisha kila wiki. Siri yote imo kwenye kijitabu.

Pili, kutengeneza kijitabu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa uvivu. Ukurasa mmoja wa kawaida una mafungu 50 ya tarakimu tano, yaani mistari 10 yenye mafungu matano. Jumla ni tarakimu 250, na kila moja lazima ije kwa bahati.

Chukua dadu nyekundu na nyeupe. Zirushe pamoja. Nyekundu ikionyesha 6, futa na urushe tena. Ikionyesha 1 hadi 5, angalia nyeupe: ikiwa namba shufwa, andika ile ya nyekundu kama ilivyo, ikiwa witiri, ongeza 5, na ukipata 10 andika 0. Kwa njia hii kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 ina nafasi sawa kabisa na nyingine. Kwa kuwa mrusho mmoja kati ya sita hufutwa, ukurasa mmoja utakula mirusho karibu 300.

Kama huna dadu, andika 0 hadi 9 kwenye vipande kumi vya karatasi vinavyolingana, viweke ndani ya mfuko, tikisa, chomoa kimoja, andika, kirudishe, tikisa tena. Kukirudisha ni lazima. Asiyekirudisha anapata mfuatano ambao kila kumi ina tarakimu zote bila kujirudia, na huo ni mpangilio ambao mvunja mafumbo anaupenda.

Usitunge tarakimu kichwani. Mtu anayetunga huogopa kuandika 77 au 333 kwa sababu hazionekani za bahati, ilhali kwenye ukurasa wa kweli wa tarakimu 250 utategemea jozi kama 25 za tarakimu zinazofanana zikiwa jirani. Hesabu jozi hizo kwenye ukurasa wako. Ukikuta tano au sita tu, kuna mtu amechoka na dadu akaanza kubuni. Usichukue pia namba za simu, namba za noti, wala kurasa za vitabu vya takwimu. Kazi ya kubahatisha namba iliyomo kwenye programu ya kawaida ya kompyuta nayo haitoshi, maana hutoa mfuatano mzima kutokana na mbegu moja, yaani namba ya kuanzia, na mwenye mbegu anao mfuatano wote.

Nakili ukurasa mara mbili, moja yako na moja ya mwenzako, kisha mhakikiane fungu kwa fungu kwa kusomeana kwa sauti. Ukitumia karatasi ya kaboni, ichome pamoja na rasimu. Kaboni iliyotumika mara moja inasomeka wazi. Tengeneza vijitabu viwili tofauti: kimoja cha ujumbe unaotoka kwako, kingine cha ujumbe unaokuja. Mkitumia kimoja kwa pande zote mbili, siku mtakapoandikiana kwa wakati mmoja mtatumia ukurasa uleule bila kujua.

Majasusi wa Kisovieti walipewa vijitabu vya karatasi ya nitroselulosi inayoteketea kwa mwako mmoja. Waingereza walikuja na kitu kingine kizuri sana. Leo Marks, aliyesimamia mafumbo katika SOE, idara ya Uingereza iliyopenyeza mawakala wa siri kwenye nchi zilizotekwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alichapisha funguo kwenye hariri. Askari wa Kijerumani anapompapasa mtu kwenye kizuizi cha barabarani, karatasi iliyoshonwa kwenye koti hutoa mlio, hariri haitoi. Wakala alikata kipande alichotumia, akakichoma, hivyo hata akiteswa hakuwa na cha kukumbuka. Kabla ya hapo mawakala walitegemea shairi walilokariri, na shairi linaweza kutolewa mtu kwa kipigo.

Tatu, kufumba

Tufanye ujumbe huu: MZIGO UKO KIGOMA. NJOO SAA 4

Nafasi kati ya maneno hatuziandiki. Kiswahili kinasomeka bila hizo. Geuza kila herufi kwa jedwali:

```
M Z  I G  O   U K O   K I G  O  M A  .
5 97 1 44 48  3 0 48  0 1 44 48 5 8  98

N J  O  O   S  A A   /  4   /
2 46 48 48  92 8 8   99 444 99
```

Ziunganishe zote kisha uzikate tano tano:

```
59714 44830 48014 44858 98246 48489 28899 44499
```

Zimetoka 40 kamili. Zikipungua fungu la mwisho, jazia 98 98 na ukate panapojaa. Herufi, pamoja na nukta, ni 22 na zimechukua tarakimu 33, yaani moja na nusu kwa kila alama. Kwa kipimo hicho, ukurasa wa mafungu 50 unabeba herufi kama 160. Ujumbe ukizidi, endelea na ukurasa unaofuata, kamwe usirudi mwanzo wa ukurasa uleule.

Fungua ukurasa mpya. Fungu la kwanza la ukurasa halitumiki kufumba; ni jina la ukurasa, na linatumwa wazi ili mpokeaji ajue afungue wapi. Tuseme ukurasa unaanza hivi:

```
60318 27406 91853 30672 85149 06927 53381 14760 79235
```

Weka 60318 pembeni. Andika mafungu mengine chini ya ujumbe wako, ujumlishe tarakimu moja moja, bila kubeba. 9 na 7 ni 16: andika 6, ile moja itupe.

```
ujumbe   59714 44830 48014 44858 98246 48489 28899 44499
ufunguo  27406 91853 30672 85149 06927 53381 14760 79235
jumla    76110 35683 78686 29997 94163 91760 32559 13624
```

Kinachotumwa ni hiki:

```
60318 76110 35683 78686 29997 94163 91760 32559 13624
```

Kubeba ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza, kwa sababu shule imetuzoesha hivyo. Ukibeba hata mara moja, tarakimu ya kushoto inaharibika na mwenzako anapata herufi isiyokuwepo. Dawa ni kujumlisha kutoka kushoto kwenda kulia. Ukienda upande huo, mkono hauna mahali pa kubebea.

Ukimaliza, choma ukurasa wa kijitabu pamoja na karatasi ya kazi, kisha saga majivu. Karatasi iliyoungua ikabaki nzima bado husomeka kwa mwanga wa pembeni. Fanya hivyo kabla ya kutuma, si kesho yake.

Nne, kufumbua

Mpokeaji anatafuta ukurasa 60318, anaandika ufunguo chini ya alichopokea, na kutoa. Tarakimu ya juu ikiwa ndogo, anaiongezea 10 bila kukopa kwa jirani.

```
76110 - 27406:  7-2=5  16-7=9  11-4=7  1-0=1  10-6=4  →  59714
```

Kisha anasoma kwa jedwali kutoka kushoto. Akikutana na 4 au 9, anaichukua pamoja na inayofuata. Tarakimu nyingine yoyote inasimama peke yake. 5 ni M, 97 ni Z, 1 ni I, 4 inasubiri mwenzake kutoka fungu linalofuata.

Kosa dogo la kusikia halizamishi ujumbe mzima. Mpokeaji akiandika 66110 badala ya 76110, atapata 49714, na MZIGO itasomeka PEIGO. Baada ya hapo mambo yanarudi sawa, na mtu mwenye akili anaelewa. Kinachoua ni tarakimu kudondoka. Ikipungua moja, kila kitu kinachofuata kinasogea na ufunguo haulingani tena. Ndiyo maana mafungu ni ya tano, ndiyo maana idadi ya mafungu hutajwa mwanzoni, na ndiyo maana vituo vya redio ya masafa mafupi vilivyosomea majasusi tarakimu usiku kucha vilirudia kila fungu mara mbili. Andika mafungu kumi kwa mstari. Ukiona fungu lenye tarakimu nne, acha nafasi na uendelee, usivute la mbele.

Kwa nini fumbo hili halivunjiki

Chukua mafungu mawili ya kwanza tuliyotuma, 76110 35683. Adui anajaribu funguo zote zinazowezekana. Akijaribu 27406 91853 anapata mwanzo wa ujumbe wetu. Akijaribu 84812 44595 anapata 92308 91198, yaani SUKARI na nukta. Fanya hesabu mwenyewe uone. Kila neno la urefu huo lina ufunguo wake unaolitoa, na funguo zote zina nafasi sawa. Adui anapata orodha ya kila kinachoweza kusemwa, na hana sababu ya kuchagua kimoja.

Ukurasa ukitumika mara mbili

Sasa tuseme umeishiwa kurasa, na kwa ukurasa uleule unatuma SUKARI. Ujumbe 92308 91198 ukijumlishwa na 27406 91853 unatoa 19704 82941. Adui ameunasa ujumbe wako wa kwanza na wa pili. Anachukua fungu la mwanzo la ujumbe wa kwanza na kulitoa lile la ujumbe wa pili:

```
76110 - 19704 = 67416
```

Tofauti ya ujumbe wenyewe, kabla ya kufumbwa, ni 59714 kutoa 92308, nayo ni 67416. Ufunguo umetoweka. Kilichobaki ni Kiswahili kimoja kikitolewa kwa Kiswahili kingine, na lugha ina tabia zake: mtu anakisia neno upande mmoja, na upande wa pili anaona kama limetoa maneno yenye maana. Anasonga hivyo, herufi kwa herufi.

Hivyo ndivyo Wasovieti walivyopoteza siri zao kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa mwaka 1942, Wajerumani wakiwa wameisukuma vita hadi karibu na Moscow, kiwanda chao cha vijitabu kilichapa kurasa kama 35,000 mara mbili. Nakala hizo zilisambazwa ofisi tofauti, ili ukurasa uliokwenda kwa watu wa biashara usikutane na pacha wake ulio kwa majasusi. Aliyetumia hakuwa na njia ya kujua.

Februari 1, 1943, huko Arlington Hall jirani na Washington, mwalimu wa zamani wa shule kutoka Virginia, Gene Grabeel, alipewa kazi ya kuzipanga telegrafu za Kisovieti zilizorundikana. Mwaka huohuo Richard Hallock aligundua kwamba baadhi ya telegrafu za biashara zilikuwa na kurasa pacha. Meredith Gardner, mtaalamu wa lugha, aliendelea kujenga maneno moja baada ya jingine, na Desemba 1946 akasoma ujumbe wa mwaka 1944 uliotaja majina ya wanasayansi wa mradi wa bomu la atomiki. Kazi hiyo, iliyokuja kuitwa Venona, ilimfikia Klaus Fuchs, mwanafizikia wa mradi huo wa bomu, aliyekiri Januari 1950, na Donald Maclean, mwanadiplomasia wa Uingereza aliyetoroka Mei 1951. Ujumbe upatao 3,000 ulisomwa, mwingi ukiwa vipande tu. Kazi ilifungwa mwaka 1980, na umma ukaambiwa mwaka 1995. Yaani karatasi zilizochapwa mara mbili ndani ya miezi michache ziliwapa watu kazi kwa miaka 37.

Kwa hiyo ukiishiwa kurasa, nyamaza. Hakuna ujumbe wenye thamani ya kurudia ukurasa.

Kisichofichwa na kijitabu

Adui hawezi kusoma, lakini anaona kwamba umetuma, saa ngapi, na mafungu mangapi. Tuma urefu uleule siku zote, ukijazia tarakimu za bure mwishoni baada ya nukta mbili mfululizo.

La hatari zaidi ni kwamba anaweza kubadili bila kusoma. Tuseme amebahatisha kwamba ujumbe wetu unaishia na saa, na kwamba ni saa 4. Fungu la mwisho tulilotuma ni 13624. Anaongeza moja kwenye tarakimu tatu za kwanza na kulipitisha kama 24724. Mpokeaji akitoa 79235 anapata 55599, anaenda saa 5, na mwenzake hayupo. Ufunguo haukuguswa.

Kinga ni alama mliyokubaliana ana kwa ana: neno fulani linalokosewa herufi kila mara, au salamu ambayo isipokuwepo maana yake mwandishi ameshikwa. Alama hiyo ina faida pale tu mpokeaji anapoiheshimu. Machi 1942 Wajerumani walimkamata Huub Lauwers, mwendesha redio wa SOE huko Uholanzi, wakamlazimisha aendelee kutuma. Alitumia mafumbo ya aina nyingine, lakini alikuwa na alama yake ya usalama na akaiacha makusudi ili London ijue. London haikujali. Iliendelea kushusha mawakala kwa miamvuli mikononi mwa Wajerumani hadi zaidi ya 50 wakakamatwa, na wengi wao waliuawa. Ujumbe usio na alama, hata ukiwa umefumbwa sawasawa, uchukulie kuwa umeandikwa na adui.

Tena kuna takataka za kazi. Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani aliyeitumikia Cuba, alipokea tarakimu kwa redio ya masafa mafupi na kuzifumbua kwa kompyuta nyumbani. Aliagizwa afute mabaki. Mei 2001 wapelelezi wa FBI waliingia kwake kimyakimya, wakanakili diski ya kompyuta, na maandishi aliyodhani yamefutika yalikuwa humo. Alikamatwa Septemba 21, 2001. Kwa sababu hiyo bado tunapendekeza penseli: karatasi iliyoungua na majivu yake kusagwa imekwisha, wakati kompyuta hutunza nakala mahali usipopajua.

Mwisho kuna tatizo la kufikisha kijitabu. Lazima kisafiri kwa mkono kabla ya ujumbe wowote. Wapigania uhuru wa ANC katika Operesheni Vula, kuanzia mwaka 1988, walibeba funguo kwenye disketi, mhudumu wa ndege akiziingiza Afrika Kusini, huku Tim Jenkin akiendesha mitambo London na makao makuu yakiwa Lusaka. Kila disketi ilipokwisha, ilibidi nyingine ivuke mpaka. Panga safari hizo mapema, na uhesabu kurasa zilizobaki kila unapotuma.

Zoezi

Che Guevara alipofika Kigoma Aprili 1965 na kuingia Kongo, yeye na Wakuba wenzake walikuwa wamechukua namba za Kiswahili kuwa majina: Victor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo Mbili, na Che mwenyewe Tatu. Ujumbe ufuatao tumeutunga sisi kwa ajili ya mazoezi. Ukurasa ni huu:

```
71942 48150 66327 90714 25538
```

Na uliopokelewa:

```
71942 31943 94896 33793 96117
```

Fungu la kwanza la kila mstari liweke pembeni. Toa bila kukopa, soma kwa KINU MWEA, na ukibakiwa na 9 moja isiyo na mwenzake mwishoni, ni ya kujazia tu. Ukipata herufi zisizounda neno kuanzia katikati, angalia kwanza kama hukujumlisha mahali pa kutoa.